Noelene na Jicho la Kasuku

Kwetu Wirrabel, ukitaka kujua picha ya mpira ilipigwa na nani, angalia ilipotundikwa. Zilizo upande wa jiko katika ukumbi wa klabu ni za mzee Arno. Zilizo upande wa madirisha, kuanzia mlangoni hadi kwenye friji la vinywaji, ni za binti yake, Noelene. Mpiga picha wa tatu hatujawahi kuwa naye.

Noelene Obst ni dereva wa basi la shule. Asubuhi huzunguka mashamba ya ngano akikusanya watoto kwenye vituo ambavyo si vituo, ni sanduku la barua na mti mmoja, na alasiri huwarudisha. Anajua mtoto gani ametoka nyumbani bila kula na yupi amegombana na dada yake, kabla hawajakanyaga ngazi. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye nywele za kijivu anazozikata mwenyewe na sauti ya chini ambayo watoto huitii kuliko kelele. Jumamosi huliacha basi, akabeba kamera, akaenda kusimama nyuma ya uzio wa bomba jeupe unaozunguka uwanja wetu. Amesimama pale tangu alipokuwa msichana akimshikia baba yake mwavuli.

Zitazame sasa picha za mzee Arno kwa mfululizo. Za mwanzo ni safi, mshono wa mpira unaonekana. Kadiri unavyolisogelea jiko zinaingia ukungu, na ile ya mwisho, juu ya swichi ya taa, ni madoa ya waridi na kijivu yanayoelea kwenye kijani, kama watu walioonekana kupitia kioo cha bafu. Macho ya mzee yalikuwa yakimwacha. Ya karibu aliyaona, ya mbali yalimkimbia. Klabu nzima ilijua, na kwa kuwa ilimpenda, hakuna aliyefungua mdomo. Walimshukuru, wakaitia fremu, wakaitundika. Noelene anasema aliijua siku hasa mambo yalipoharibika: ni siku watu walipoacha kumtania baba yake. Kwetu mtu hutaniwa akiwa mzima. Wakianza kukusemesha kwa upole, nenda kamwone daktari.

Mwanzoni mwa msimu huu ninaousimulia, lenzi ya zamani ya Noelene ilikoroma, ikanyamaza, ikafa mikononi mwake katikati ya mechi. Klabu ikamnunulia nyingine. Walimkabidhi siku ya Alhamisi, kwenye chakula kinachofuata mazoezi, mbele ya wachezaji wa mpira na wasichana wa netiboli waliokuwa bado na jasho shingoni. Ilikuwa lenzi ndefu, nyeupe, nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba, na ndivyo alivyoipokea, mkono mmoja chini ya makalio. Ilijilenga yenyewe, kimya na kwa haraka. Alimwelekezea mumewe Kelvin, aliyekuwa mwisho wa ukumbi akichota viazi, na kope za Kelvin zikaja zote.

Kisha Glenys Kaesler, mwenyekiti wa klabu, akaleta zawadi yake mwenyewe. Alikuwa ameishonea lenzi koti.

Ni vizuri nieleze koti la bia. Ni kile kifuko cha mpira laini kama sponji kinachovalishwa kopo, ili bia isipate joto wala mkono usipate baridi. Kwetu kila harusi ina koti lake, kila mkutano wa ukoo, kila ubingwa, na mtu akifa wanawe hugawana makoti yake kama wengine wanavyogawana vito. Na hatuvalishi makopo peke yake. Utaliona koti la bia kwenye gia ya trekta, kwenye chupa ya mtoto, kwenye bomba la maji asubuhi za jalidi. Kitu kikiwa na umbo la mviringo na mtu akawa anakipenda, kitavalishwa.

Glenys alikuwa amechukua makoti mawili ya mwaka wa ubingwa wetu wa mwisho, mwaka ambao wengi wa wachezaji wa leo hawakuwa wamezaliwa. Aliyapasua, akayakata vitako, akayashona pamoja kwa uzi mnene. Ubavuni alibaki kasuku wa waridi, nembo yetu, akitazama dunia kwa jicho moja jeusi. Koti liliibana lenzi kama soksi mpya. Noelene akaivalisha palepale, watu wakapiga makofi, na Glenys akapangusa macho akisingizia vitunguu.

Jumamosi iliyofuata, balaa likaanza.

Magari yalikuwa yamepangwa kuuzunguka uwanja kama kawaida, pua zikitazama ndani, watu wamekaa humo na chupa zao za chai, tayari kupiga honi timu yao ikipata goli. Noelene akainua kamera. Lenzi ikanguruma kidogo, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha ikakata tamaa. Akabonyeza tena. Ikapapasa tena. Wachezaji waliokuwa katikati ya uwanja walitoka ukungu mtupu. Lakini bomba la uzio, pale linapojipinda hatua chache pembeni yake, lilitoka safi ajabu, pamoja na kutu. Mbeba maji aliyepita karibu alitoka safi. Mbwa wa Kelvin alitoka safi mpaka mate.

Alhamisi picha huonyeshwa ukutani watu wakila. Siku hiyo zilipita kimya kimya, ukungu, ukungu, bomba, ukungu, mbwa, mpaka Dudley akaweka uma chini.

Dudley ni mwana wa Glenys, mchezaji mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na jina lake la uwanjani ni Nanga. Katika mpira wetu, ambao una umbo la yai, anayeudaka hewani kabla haujagusa chini hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo kuruka ndiyo kila kitu. Na Nanga hajawahi kuruka. Hunyoosha mikono tu, visigino vikabaki kwenye nyasi. Wenzake walizoea kusema kwamba ukitandika gazeti chini ya viatu vyake, hataweza kuruka akaliacha chini. Katika picha zote za Noelene, tangu Nanga akiwa kijana mpaka akawa na kipara, Nanga amesimama.

"Noli," akasema Nanga, "hilo bomba limecheza vizuri sana. Lipewe jezi."

"Angalau lenyewe halijifanyi linaruka," Noelene akamjibu, na ukumbi ukacheka.

Usiku ule alilala vizuri. Kitu kipya kina ujeuri wake, alimwambia Kelvin, kitazoea.

Hakikuzoea. Noelene akaanza kutafuta kasoro, na mtu anayeendesha basi bovu la serikali kwenye barabara za changarawe anajua kutafuta. Alisafisha vile vidoti vya shaba ambapo lenzi hukutana na kamera, akitumia ufutio aliouazima kwa mtoto wa darasa la pili. Alikitoa kile kioo cha mbele cha kuzuia vumbi. Alibadilisha mipangilio yote ndani ya kamera, kisha akairudisha yote. Aliivua lenzi koti lake, akavitazama viswichi vidogo vilivyo ubavuni, na kila kimoja kilikuwa mahali pake. Mwishowe akaifunga ndani ya sanduku lake, koti akaliacha mezani, akaipeleka dukani mjini. Ikarudi na neno moja: nzima.

Akaamua kuipima mwenyewe. Nyuma ya nyumba yao kuna uzio wa waya unaoanzia mlango wa jiko mpaka kwenye tangi la maji ya kondoo, mbali huko. Juu ya kila nguzo alisimamisha chupa ya sosi ya nyanya. Akaifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, na kwa kuwa pete ya kuishikilia lenzi haikuweza kupita juu ya koti, koti akalitupa begani. Akapiga chupa ya kwanza, ya pili, ya tano, akaenda mpaka ile iliyokaa kando ya tangi ikionekana kama tone la damu. Zote zilitoka safi. Hata maandishi ya kibandiko yalisomeka.

Kelvin alifurahi, akasema basi, imepona. Noelene aliokota chupa moja moja akazirudisha jikoni, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kama lenzi ilikuwa nzima nyumbani na mgonjwa uwanjani, tofauti ilikuwa nini? Nyumbani ilishikwa na miguu mitatu ya chuma. Uwanjani ilishikwa na yeye.

Lenzi hujilenga yenyewe, lakini mtu ndiye anayeionyesha pa kutazama. Akakumbuka ile picha juu ya swichi ya taa. Ya karibu safi, ya mbali ukungu.

Kuanzia hapo alijipima kimya kimya kila asubuhi. Akifika kona ya maghala ya ngano alitazama maandishi makubwa yaliyo juu ya ghala na kuyasoma. Aliyasoma yote. Kisha akajiuliza kama aliyasoma au aliyakumbuka, kwa sababu yalikuwepo pale tangu alipozaliwa. Alijaribu namba za magari yanayokuja mbele yake, lakini magari ya Wirrabel nayo aliyajua yote. Hakumwambia mtu.

Mechi zikaendelea, nasi mwaka huo tulikuwa tunashinda. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Timu ya Kasuku iliyozoea kufungwa mpaka waamuzi wanatuonea huruma, sasa ilikuwa inaelekea fainali, na msimu mzima ulikuwa unapita mbele ya jicho lake ukiacha ukungu na bomba. Na Alhamisi moja, picha zilipomalizika kupita ukutani, Nanga alisema, "Asante, Noli. Kazi nzuri." Mwingine akasema mwanga siku hiyo ulikuwa mgumu. Mwingine akamletea kiti.

Noelene alikaa kwenye kile kiti. Walikuwa wameacha kumtania.

Wiki ya fainali, Glenys alikwenda kwake na keki za mraba zilizoviringishwa kwenye nazi, amezifunika kwa taulo la jikoni. Alisifu maua ya waridi bustanini. Aliuliza habari za kondoo. Chai ilipokwisha kumiminwa hakubaki na pa kujificha.

"Nanga anaacha mpira," akasema. "Jumamosi ndiyo yake ya mwisho. Goti limekataa."

"Nimesikia."

"Kuna kijana mjini, anapiga picha za harusi. Nimemwambia pengine aje akusaidie. Asimame upande wa pili tu."

"Upande wa pili, au mahali pangu?"

Glenys akaigeuza geuza keki yake bila kuila. "Ile picha ya mwisho ya baba yako," akasema, "mimi ndiye niliyeitundika. Nilipanda kiti, nikagonga msumari, nikashuka nikamwambia Arno imependeza. Akafurahi. Mpaka leo nikiwasha taa naona aibu. Sitaki kukufanyia wewe vile, Noli. Heri unichukie."

Noelene alitazama dirishani. Nje, mashamba ya kanola, ile mimea ya mafuta, yalikuwa yamechanua manjano mpaka macho yanauma, na hayo aliyaona vizuri sana.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Nitapiga mazoezini. Zikitoka vile vile, lenzi utaichukua mwenyewe umpe huyo kijana wako, nami nitakuja Jumamosi kupiga honi kama watu wengine."

Walikubaliana hivyo. Glenys alipoondoka aliziacha keki zote.

Alhamisi ilikuja na anga safi, mwanga mzuri wa alasiri, upepo hakuna. Hakuwa na kisingizio. Aliivalisha lenzi koti lake, akaenda kusimama kwenye bomba, akapiga kuanzia wachezaji wanapasha misuli mpaka wanaingia kuoga. Lenzi ilipapasa, ikarudi, ikapapasa. Alitazama picha mbili tatu kwenye kamera, akaizima. Akaenda kuilaza lenzi kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaifunga mkanda kama anavyowafunga watoto wadogo. Alikusudia kula kwanza, kisha amwite Glenys nje.

Ndani kulikuwa na nyama bapa ya kukaangwa na chenga za mkate, na mchuzi mzito, na kelele za watu wanaokaribia fainali. Alikaa karibu na Tahlia, mfungaji wetu wa netiboli, msichana mwenye maneno mengi na mguu usiotulia. Tahlia alikuwa na kopo la soda ya tangawizi, na ili lisichanganywe na ya wenzake alikuwa amelizungushia mpira wake mwekundu wa nywele. Akachukua koti jipya la fainali, lile lililokuwa limetoka kushonwa, akalisukuma kopo ndani. Koti lilibana. Mpira wa nywele ukapanda mpaka ukingoni. Tahlia akasonya, akalichomoa kopo. Mpira wa nywele ukashuka mpaka chini.

"Lina kichaa hili koti," akasema.

Noelene alikuwa ameacha kutafuna. "Fanya tena," akasema.

"Nifanye nini?"

"Livalishe. Halafu livue. Polepole."

Tahlia akamtazama kama mtu anayetazama bibi yake akiongea na kuku, lakini akafanya. Kuvaa, ukapanda. Kuvua, ukashuka. Noelene akainuka akaacha sahani yake na uma ukiwa umesimama ndani ya nyama. Kelvin, ambaye hajawahi kumwona mkewe akiacha chakula, alimfuata.

Alimkuta ameinama ndani ya gari na taa ya ndani imewashwa. Alikuwa ameivua lenzi koti lake. Akamwonyesha kiswichi kimoja cha ubavuni, kidogo kama ukucha wa mtoto, kinachoteleza mbele na nyuma. Kikiwa mbele, akaeleza, lenzi hutafuta popote, karibu na mbali. Kikiwa nyuma kabisa, hutafuta vilivyo hatua chache tu, basi, haivuki hapo. Ni kwa ajili ya watu wanaopiga picha za vipepeo. Sasa kilikuwa mbele, panapotakiwa, kama kilivyokuwa kila alipokiangalia.

"Sasa tazama," akasema.

Akalivalisha koti kama alivyolivalisha kila Jumamosi, akilivuta kwa nguvu kutoka mdomoni mwa lenzi kuelekea kwenye kamera. Hakulivua. Akakamata kidole cha Kelvin, akakipenyeza chini ya pindo, mpaka kikagusa kiswichi.

Kilikuwa nyuma kabisa.

Akalivua koti kwa kulivuta mbele. Kiswichi kikarudi mbele, taratibu, kama mtoto anayekaa vizuri mwalimu akiingia.

Kelvin alifikiri. "Yaani linafanya kosa," akasema, "halafu likitoka linafuta nyayo."

Noelene aliegemea gari akacheka, na kicheko kilimchukua mahali ambapo hakukitegemea, mpaka Kelvin akamshika bega. "Si macho yangu," akasema.

"Mimi sikusema ni macho yako."

"Mimi nilisema. Kila asubuhi kwenye basi nilisema."

Alipoingia ukumbini amebeba kamera, lenzi ikiwa ndani ya koti lake, vichwa vyote viligeuka. Habari za makubaliano zilikuwa zimeshafika kila meza. Glenys alisimama, uso umemwiva, akanyoosha mikono miwili kuipokea. Noelene akampita, akaenda jikoni, akarudi na mkasi wa kukatia kuku. Akaipapasa lenzi kwa kidole gumba mpaka akapata uvimbe wa kile kiswichi chini ya koti. Ulikuwa chini ya jicho la kasuku hasa. Akaliwekea alama kwa ukucha, akalivua koti, akaanza kukata.

"Noli," Glenys akasema kwa sauti ndogo, "huyo ni kasuku wa ubingwa."

"Najua. Na haoni."

Akakata duara safi. Akalivalisha tena, na ndani ya jicho la kasuku kiswichi kikaonekana, kimekaa nyuma. Akakisukuma mbele kwa ncha ya kidole. Kisha akaeleza, kwa maneno machache, kile koti lilichokuwa likifanya msimu mzima. Akainua kamera akatafuta kitu cha mbali zaidi ukumbini, na cha mbali zaidi kilikuwa ile picha juu ya swichi ya taa. Lenzi haikupapasa. Ilikwenda moja kwa moja ikatua. Kwenye kioo kidogo cha kamera tuliona vumbi juu ya fremu, kichwa cha msumari wa Glenys, na ukungu wa mzee Arno, kila doa na mpaka wake. Ukungu wenyewe ulitoka safi.

Nanga akajinyoosha kwenye kiti.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyetuharibia msimu ni mama yangu."

Ukumbi ukalipuka. Utani wote uliokuwa umezuiliwa kwa wiki kadhaa ulimwagika juu ya meza kama maharagwe. Glenys aliambiwa awashonee wapinzani viatu. Aliambiwa asimkaribie mwamuzi na sindano. Naye, akiwa mwekundu mpaka masikioni, akamwambia mwanawe anyamaze, mtu ambaye tangu azaliwe hajaruka hata dimbwi. Kisha akatoka nje kumpigia simu kijana wa harusi. Aliporudi alisimama nyuma ya kiti cha Noelene, akaweka mkono juu ya nywele zake za kijivu, akauacha hapo.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa Boorna, dhidi ya Tarrup, watu wakubwa wenye shingo fupi ambao walikuwa wametufunga tangu enzi za babu zetu. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha uwanja unang'aa. Tulikwenda kwa msafara, tukapanga magari upande wa magharibi, na Noelene akasimama kwenye bomba la watu wengine amevaa koti la mvua, kidole chake kikienda kwenye jicho la kasuku kila baada ya muda, kama mtu anayegusa pete ya ndoa. Kiswichi kilikuwa mbele, na kilibaki mbele. Tangu kipenga cha kwanza lenzi ilifanya kazi kama iliyokuwa na deni la msimu mzima. Ilikamata matope yakiruka. Ilikamata mdomo wa nahodha ukitamka neno ambalo haliwezi kutundikwa.

Lakini mechi ilikuwa inatuponyoka. Zikiwa zimebaki dakika chache Tarrup walikuwa mbele kidogo, kiasi cha goli moja kutosha kuwapita. Mpira ukapigwa juu kutoka mbali, juu sana, ukawa unashuka ukijizungusha mbele ya milingoti ya goli la Tarrup. Chini yake walikuwa wameshakusanyika watu wao watatu wakisukumana. Na kutoka nyuma, goti limefungwa bandeji, kipara kinang'aa kwa jasho, alikuwa anakuja Nanga.

Noelene alimpata akiwa mbali. Lenzi ilimshika ikamfuata. Anasema hakufikiri kitu, alimwona tu akija mkubwa zaidi na zaidi ndani ya kamera, safi, safi, safi, kisha ghafla hakuwepo, na ilibidi ainue kamera juu ili ampate tena.

Nanga alikuwa ameruka. Aliweka goti lake lisilo na bandeji kwenye mgongo wa mtu wa kwanza, akapanda kama mtu anayepanda ngazi ya ghala, akafika juu ya mabega yao wote, akakaa huko muda ambao hauna maelezo, akaudaka mpira kwa mikono miwili. Kisha akaanguka na kila mtu chini yake.

Magari yalisahau honi. Mwamuzi mwenyewe alichelewa kupuliza. Nanga akainuka, akatazama mpira mikononi mwake kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani, akarudi nyuma hatua zake, akaupiga katikati ya milingoti mirefu miwili. Hapo honi zikaanza, na hazikukoma mpaka kipenga cha mwisho kilipolia na baada yake, mpaka betri ya gari la Kelvin ikafa.

Katika kukumbatiana kule, watu wa Tarrup walianza kusema kwamba hakuruka, alinyanyuliwa na msongamano. Wa kwetu nao, ukweli usemwe, hawakuwa na uhakika. Nusu walikuwa wamefumba macho kwa hofu. Nanga mwenyewe, amebebwa mabegani, alikuwa anauliza, "Niliruka? Jamani, niliruka kweli?"

Glenys akapenya katikati ya watu mpaka kwenye bomba. Noelene alimgeuzia kamera, akaifungua ile picha, akaikuza. Zilionekana kucha za Nanga kwenye ngozi ya mpira. Zilionekana kope zake. Akaishusha polepole, kifua, bandeji, kiatu, meno ya kiatu, tone la tope linalodondoka kutoka kwenye meno hayo. Chini ya tone palikuwa peupe, kisha vichwa vya watu wa Tarrup vikitazama juu.

Glenys akagusa pale peupe kwa kidole. "Hii ni nini?"

"Hewa," Noelene akasema.

Picha ile haikutundikwa upande wa madirisha. Noelene aliomba ikae upande wa jiko, juu ya swichi ya taa, kando ya ile ya mwisho ya baba yake. Glenys alipanda kiti akagonga msumari mwenyewe. Mtu fulani, hajulikani, amebandika chini ya fremu ukurasa wa gazeti.

Jumatatu baada ya fainali Noelene alikuwa barabarani kama kawaida. Kwenye kituo cha mwisho, kando ya sanduku la barua la akina Kaesler, alikuta bomba jeupe limechimbiwa ardhini, limevalishwa jezi ya waridi na kijivu, na shingoni koti la bia. Watoto ndani ya basi walikuwa wanajua. Walikuwa wameziba midomo kwa mikono.

Akafunga breki, akachukua kamera kutoka kiti cha pembeni, akashuka. Akapitisha kidole kwenye jicho la kasuku, akarudi nyuma mpaka upande wa pili wa barabara, kwenye ukingo wa kanola, mbali kadiri alivyoweza. Akapiga.

Lilitoka safi.